RB za Godlove na Upendo

Juzi binti mmoja aliyeajiriwa ustawi wa jamii, kiti chake kazini bado hakijapata joto, alinipigia simu mchana nimejilaza zangu hapa Kipawa nagombana na kelele za ndege zinazopaa uwanjani.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajitambulisha, akashusha shida yake. Ana kesi ya malezi. Baba na mama wameachana, kila mmoja anamtaka mtoto, na mahakama imemwagiza yeye akachunguze aandike taarifa. "Sasa bahati nzuri, Bi Zuhura, baba kaleta RB za mama, bunda zima. Kwa hiyo hii imeshaisha, si ndiyo?"

"Imeisha nini, mwanangu? Kesi au mtoto?"

Nikamwambia akanywe maji kwanza, mie nitamwandikia. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, nawaandikia nyie wote mnaoingia kazi hii na vishikwambi vyenu na vitambulisho vya shingoni. Nimefanya ustawi Kinondoni na Temeke tangu nasuka twende kilioni, mpaka leo sina nywele za kusukia chochote. Bunda la RB nalijua kuliko kanga zangu.

Tuanze na yule asiyejua. RB ni ile namba unayopewa kituo cha polisi ukienda kulalamika. Unafika kaunta, unajieleza, askari anaandika kitabuni, unapewa kikaratasi chenye namba. Basi. Kikaratasi kinasema jambo moja tu, kwamba fulani alifika akasema hivi. Hakisemi kama alisema kweli, wala hakisemi kama askari alimwamini au alikuwa anamsubiri amalize tu akale. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu wa Dar uone utakavyochekwa! Dar mtu akipata RB anatembea kifua mbele kama kashinda ubunge. "Nimeshamchukulia RB!" Utamsikia sokoni, utamsikia msibani, na shoga zake wanampigia vigelegele. Nimeshaona RB imefunikwa plastiki kama cheti cha ubatizo. Nimeshaona baba mmoja kaitundika sebuleni, pembeni ya picha ya harusi na mwanamke huyohuyo aliyemshitaki.

Na mbio zake! Maana mtaani watu wamejiaminisha kwamba anayewahi kituoni ndiye mwenye haki, na anayechelewa ndiye mhalifu. Basi mke na mume wakishagombana hawana muda hata wa kumalizia ugomvi. Huyu anavaa kiatu kimoja, yule anatafuta ufunguo, mbio mbio kwenda kuwahi kaunta. Nilishamkuta mwanamke analia nje ya kituo, nikadhani kapigwa. Kumbe analia kwa sababu mumewe alipita na bodaboda yeye akiwa kwenye foleni na bajaji. "Kaniwahi, Bi Zuhura, kaniwahi!" Nikampa pole. Ningempa nini kingine?

Siku hizi ndiyo mmestaarabika zaidi, hongereni. Zamani mtu alikuwa anakuja na kikaratasi chake mkononi kimelowa jasho. Leo kinapigwa picha, kinarushwa kwenye grupu la ukoo, shangazi wa Mbeya anaweka alama ya makofi, na mjomba ambaye hajawahi kumnunulia mtoto hata peni anaandika "haki itendeke". Hapo kesi imeshahukumiwa kabla hakimu hajaamka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mgaya, mkuu wetu wa ofisi, mtu wa Njombe. Alikuwa anavaa sweta Temeke mwezi wa Januari, na ukimuuliza anakwambia hajui upepo utageuka saa ngapi. Alikuwa hana maneno mengi yule mzee. Ukimpelekea RB ya mtu, anaisoma, anaiweka mezani, anakuangalia juu ya miwani: "Halafu?"

"Mama alilalamika kapigwa, mzee."

"Halafu?"

"Akapewa PF3." Hiyo ni ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari aandike alichokiona mwilini.

"Halafu? Alikwenda? Daktari alijaza?"

"Sijui, mzee."

"Sasa kama hujui umekuja kunisalimia?"

Na hapo unarudishwa njia nzima uliyotoka. Hiyo halafu yake ilinichosha miguu, ilinimalizia viatu, na siku za mwanzo nilikuwa namnunia nusu ya wiki. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mtu kalalamika, halafu mpelelezi alimwita atoe maelezo? Alifika au aliingia mitini? Jalada lilifunguliwa? Kuna mtu alishitakiwa? Kesi iliishaje? Usipokee nakala mikononi mwa baba wala mama, hata akikuletea na soda. Chukua barua ya mahakama, nenda kituoni mwenyewe, onana na aliyeandika. Na uende na adabu zako, maana askari wa dawati la jinsia na watoto ana watu benchi zima wanamsubiri na wewe si bibi harusi.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, jina namsitiri kwa sababu sasa ni mtu mzito. Yeye alikuwa msomi wa haraka. Alipewa RB imeandikwa "kutishia kuua kwa maneno", akanakili hivyohivyo kwenye taarifa yake, akaongeza na chumvi: baba ni mtu hatari, mtoto asikaribishwe kwake. Mahakamani hakimu akamuuliza mama, "Alitishia kumuua nani?" Mama akaangalia chini. "Nakuuliza, alitishia kumuua nani?"

"Jogoo, mheshimiwa."

"Jogoo?"

"Jogoo wa mama yangu. Alikuwa anawika alfajiri dirishani kwake. Akasema siku moja atamchinja."

Mzee Mgaya alikuwa amekaa nyuma na sweta lake. Hakucheka. Tulipotoka nje akamuuliza yule mwenzetu taratibu kabisa, "Halafu huyo jogoo yuko wapi sasa?" Hebu fikirini aibu ile! Wiki nzima ofisini kila mtu akipita anawika.

Lakini msije mkatoka hapa mkasema Bi Zuhura kasema RB ni takataka. Nitawafuata hukohuko maofisini na bakora yangu. Kulikuwa na mama mmoja Buguruni, mpika chapati, alikuja na RB moja tu, kaifunga kwenye pindo la kanga. Wakili wa mume akaichukua kwa vidole viwili: "Moja tu, mama?" Akatabasamu kama kaonyeshwa kituko. Mume mwenyewe kavaa suti, kanukia, anaongea kama mchungaji wa kanisa. Nikauliza halafu zangu. Na huyu mama halafu zake zote zilikuwa na majibu. PF3 ilijazwa, daktari aliandika mkono wa mtoto umevunjwa. Maelezo yalichukuliwa, jirani alitoa yake, jalada likaenda, mume akashitakiwa, akatiwa hatiani. Yote hayo yalikuwa yamekaa nyuma ya kile kikaratasi kimoja chenye harufu ya mafuta ya chapati, na hakuna aliyekuwa ameona haja ya kuyafuata. Mtoto akabaki kwa mama yake. Yule wakili msomi tabasamu lake sijui alilipeleka wapi.

Sasa basi, niwape ya Godlove na Upendo, ambayo ndiyo niliyomwahidi yule binti wa simu.

Ndiyo majina yao hayo, Godlove na Upendo. Kwa majina kama hayo ungetegemea nyumba inanukia uvumba. Godlove alikuwa na duka la vipuri vya magari, anakaa Kinondoni. Upendo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na walipoachana akahamia Temeke. Katikati yao kuna Doreen, binti yao mmoja tu, yuko darasa la pili, mwembamba, macho makubwa, mkimya. Hakimu alitakiwa aamue kitu kimoja: Doreen akae na nani. Na mie nilitakiwa nimsaidie asikosee, maana hakimu akikosea kesi ya shamba shamba lipo tu palepale, halikui likaja kukuuliza.

Siku ya kwanza wakili wa Godlove aliingia na bunda limefungwa utepe. Mama ametelekeza mtoto. Mama ametoa lugha ya matusi. Mama ameharibu mali. Wakili wa Upendo akamwacha amalize, akafungua mkoba, naye akatoa la kwake, nene vilevile. Baba ameiba mtoto. Baba ametishia. Baba amezuia mtoto kwenda shule. Mawakili wasomi wakaanza kugonganisha mabunda kama watoto wanaolinganisha daftari. Hakimu, mama mmoja mpole mwenye sauti ndogo, akanigeukia: "Afisa ustawi, nenda kaniangalizie hizi."

Nikaenda. Na kituo kilikuwa kimoja, kile cha karibu na nyumba waliyokuwa wanakaa zamani pamoja. Upendo alihama nyumba, alihama mtaa, alihama mpaka kanisa, lakini kulalamika aliendelea kulalamika palepale, kama mtu anavyobaki na fundi wake wa nguo.

Dawatini nikamkuta Afande Mwanaidi, mama wa makamo, mtu wa Lindi, mcheshi. Nilipotaja majina tu akaweka kalamu chini. "Hao? Dada Zuhura, hao nawaona kuliko ndugu zangu wa tumbo moja."

Tukakaa naye, tukapita moja baada ya nyingine. Kutelekeza mtoto: mama alichelewa kikao cha wazazi shuleni. Kuiba mtoto: baba alimpeleka mtoto kula chipsi, akamrudisha baada ya magharibi. Kuharibu mali: chupa ya chai. Chupa ya chai, jamani! Nikauliza halafu yangu kila mahali, na kila mahali jibu likawa lilelile.

"Nikiwaita waje tuandike maelezo, tufungue jalada, hawaji," akasema Afande Mwanaidi. "Wakishapata namba wametosheka. Nimewapigia simu, nimewatumia wajumbe wa mitaa yao. Nimewaambia kama kuna mtoto anaumizwa niambieni leo hii nimkamate mtu. Wananiangalia tu."

"Na mtoto anaumizwa?"

"Nimemwangalia, nimemuuliza tukiwa wawili, nimempeleka kwa daktari. Hajawahi kuguswa. Wote wanampenda kweli." Akaiokota kalamu yake. "Tatizo wanakuja naye."

"Kila mara?"

"Kila mara. 'Haya mwambie afande baba yako alisema nini.' 'Haya mwambie afande mama yako alifanya nini.' Nimewakataza mpaka nimechoka. Siku hizi akiingia anakwenda kukaa benchi la ukutani mwenyewe, bila kuambiwa. Mie namnunulia chapati na chai ya maziwa. Nifanyeje sasa, nimwache na njaa?"

Nikatoka pale kichwa kimenijaa. Nikaenda kwa Godlove, siku ambayo Doreen alikuwa kwake. Nyumba safi, friji limejaa, chumba cha mtoto kimepakwa rangi ya waridi, na mwanasesere mkubwa bado yuko ndani ya nailoni yake. Godlove akanikaribisha kwa heshima zote, "Karibu mama, karibu sana," akamwita mwanaye. "Doreen mama, njoo umsimulie bibi ilikuwaje Jumamosi."

Mtoto akaja. Akasimama wima, mikono nyuma, akatazama ukuta, akaanza: "Mnamo siku ya Jumamosi, majira ya jioni, nikiwa nyumbani kwa mtuhumiwa, ndipo mlalamikaji alipofika akiwa na hasira..."

Wallahi nilidhani nimesikia vibaya. Mtoto wa darasa la pili! Nikamuuliza taratibu, "Mtuhumiwa ni nani, mwanangu?"

Akanyoosha kidole kwa baba yake. Kisha akafikiri, akasema, "Wiki hii."

Na Godlove, Mungu amsamehe, akacheka kwa fahari! "Umeona mama? Kichwa cha huyu si mchezo. Anakumbuka kila kitu!"

Nimeona, baba. Nimeona vizuri sana. Niliaga haraka kwa sababu ningebaki dakika chache zaidi ningemtukana, na yeye kwa jinsi ninavyomjua angenichukulia RB.

Wiki iliyofuata nikaenda Temeke kwa Upendo bila kumpa taarifa. Hilo nalo mlishike nyie wa simu za mkononi, mnaotuma ujumbe "nitafika saa nne" kisha mnashangaa kukuta nyumba imedekiwa na mtoto kapakwa mafuta mpaka anateleza. Nilifika Upendo hajarudi kutoka kazini, kamwachia mtoto dada yake, na watoto wa uani wanacheza nyuma ya nyumba. Nikajibanza kwenye kona ya choo nikaangalia.

Watoto wengine wa umri ule wanacheza kujipikilisha. Wanaweka mchanga kwenye kifuniko, mmoja baba, mmoja mama, wanapakuliana wali. Doreen alikuwa kakaa nyuma ya ndoo iliyogeuzwa. Mbele yake wamepanga foleni watoto wa majirani.

"Jina lako kamili?"

"Si unanijua? Mie Abuu."

"Nimesema jina lako kamili! Umri? Kabila? Unamlalamikia nani?"

"Namlalamikia Rama, kanichukulia gari langu."

"Kaa chini. Rama, na wewe kaa chini. Mtaongea mmoja mmoja. Hakuna kupiga kelele hapa." Na wale watoto wakakaa, na kweli wakaongea mmoja mmoja. Doreen akawa anawasikiliza kichwa kakiinamisha upande, hivyohivyo anavyofanya Afande Mwanaidi. Kisha akachana jani la mpapai, akampa Abuu kipande. "Namba yako hiyo. Usipoteze."

Nimeona mengi kazini kwangu. Nimebeba watoto waliookotwa jalalani. Lakini kile kipande cha jani la mpapai kiliniumiza, sitaki kuwadanganya. Upendo aliporudi, begi la daftari begani, nikamsimulia nilichokiona. Akasema, "Ndiyo, anapenda sana ule mchezo. Nafikiri atakuja kuwa mwanasheria."

Mwanasheria! Haya bwana.

Nikaandika taarifa yangu. Kila RB nikaiwekea halafu yake pembeni, na kila halafu ikawa tupu. Nikaandika kwamba kwenye mabunda yote mawili hakuna mzazi hata mmoja aliyethibitika kumdhuru mtoto, ila wote wawili wamemdhuru kwa kwenda kuyachukua. Nikaandika ule mchezo wa ndoo, neno kwa neno. Mawakili wakasema mheshimiwa, mambo ya majani ya mpapai si ushahidi. Hakimu akasema ataongea na mtoto mwenyewe, ofisini kwake, wazazi na mawakili wabaki nje, mie niwepo.

Hakimu hakukaa kwenye kiti chake. Alivuta kiti cha kawaida akakaa karibu na Doreen, akampa biskuti. Wakaongea habari za shule, za rafiki yake, za wimbo gani anaupenda. Mtoto akalegea kidogo. Ndipo akamuuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Doreen, mama, sisi tunataka ukae mahali utakapofurahi. Wewe ungependa kukaa wapi?"

"Kituoni."

Hakimu akaniangalia. Mie nikaangalia miguu yangu.

"Kituo gani, mama?"

"Kwa Afande Mwanaidi."

"Kwa nini unataka kukaa pale?"

"Pale baba na mama hawapigi kelele. Afande akisema kaeni chini, wanakaa. Halafu wanaongea taratibu."

"Na usiku ungelala wapi?"

"Kwenye benchi la ukutani. Nimeshajaribu. Naenea."

Hakimu akavua miwani, akaifuta muda mrefu sana kwa kitambaa, na ile miwani haikuwa na uchafu wowote. Doreen akamaliza biskuti yake, akakung'uta makombo kwenye gauni, akauliza kama tumemaliza kuandika maelezo yake.

Wazazi waliitwa ndani. Hakimu hakuwafokea. Aliwarudia maneno ya mtoto wao kama yalivyosemwa, mpaka la benchi, mpaka la kuenea. Upendo alikaa chini bila kuambiwa, akajifunika uso kwa mikono yake miwili. Wale mawakili wasomi wakaanza kurudisha mabunda mkobani polepole, kama watu waliokutwa wanakula mchana wa Ramadhani.

Uamuzi ukawa hivi. Doreen akae kwa mama yake siku za shule, kwa kuwa shule iko jirani, na mwisho wa wiki na nusu ya likizo akae kwa baba yake. Mtoto akiumizwa, yeyote akimbie polisi hata sasa hivi, lakini hakuna atakayemshika mkono Doreen kumpeleka kaunta kwa ajili ya chupa ya chai. Na makabidhiano yote yafanyike ofisini kwangu, kila Ijumaa, wazazi wote wawili wakiwepo, mpaka afisa ustawi atakaporidhika. Asante sana mheshimiwa, nikasema moyoni, umenipa harusi ya kusimamia kila Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza wakaja. Upendo na Doreen walifika mwanzo, mtoto bado na sare za shule na kandambili miguuni, viatu kavishika mkononi. Godlove akaja nyuma yao na mkono una oili ya gari, kapaki vibaya, anahema. Wakasimama kila mmoja kwenye kona yake kama mabondia. Nikaona kabisa Upendo anaangalia saa, na nikaona Godlove ameona anaangalia saa. Nikajisemea, haya, inaanza.

Kabla sijafungua mdomo, Doreen akapanda kwenye kiti changu. Kiti changu mie! Akavuta karatasi yangu, akachukua kalamu yangu, akawaangalia wazazi wake mmoja baada ya mwingine.

"Kaeni chini."

Wakakaa. Baba mzima na duka lake, mwalimu mzima na elimu yake, wakakaa kwenye yale mabenchi yangu ya mbao, bega kwa bega, maana kulikuwa na benchi moja tu lisilo na mguu mbovu.

"Nani analalamika?" Kalamu iko juu, tayari.

Feni ilikuwa inalia juu yetu kri, kri. Mie nikanyamaza, na wanaonijua wanajua si kazi ndogo kwangu. Mtoto akasubiri. Akamtazama baba yake.

"Hakuna, mama," Godlove akasema. "Mie sina."

Doreen akamgeukia mama yake, kalamu bado juu. Upendo akatikisa kichwa.

Mtoto akaiangalia ile karatasi nyeupe muda. Sidhani kama alishawahi kuona siku ambayo hakiandikwi kitu. Akaweka kalamu mezani taratibu, akanigeukia mie, na sauti yake ikawa ya mtoto kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Kwa hiyo naweza kwenda kucheza?"

Nikamwambia nenda. Akaruka kitini, akatoka mbio kwenda uani kwa watoto wa mlinzi, hata kandambili zikamtoka miguuni akaziacha pale mlangoni. Na wale wawili wakabaki wamekaa kwenye benchi, wanaziangalia.